Amani ya nyumba na hesabu ya mwezi

Tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025 na benki zikafungwa, wengi wetu tunaishi kwa jamaa, na feza kidogo inaleta ugomvi.

Tufungue jedwali la Excel katika simu. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili, feza iliyoingia. Ya tatu, iliyotoka. Ya nne, iliyobaki. Juu tuandike bei ya dola siku hiyo, maana tunapata dola lakini unga wa Kadutu tunanunua kwa franka. Asiye na simu achore jedwali hilo katika daftari.

Mwisho wa mwezi, bwana, bibi na jamaa aliyetupokea wasome pamoja. Hapo hakuna atakayemshuku mwenzake.