Moyo Mchovu Hauchapwi Fimbo

Mazungumzo ya muuguzi mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira

Mwenyekiti amenipa nusu saa niseme juu ya dawa za moyo, maana katika vikundi vyetu kuna jambo limeanza kuwa mazoea. Mtu akiishiwa na dawa zake za moyo au za presha, jirani anamkopesha zake kama anavyomkopesha chumvi. Mwingine akijisikia nafuu anaziacha kabisa. Jambo hili linaweza kuua mtu. Ili mwelewe kwa nini, nitaanza mbali kidogo, mnivumilie.

Nyinyi wote mmemwona punda akipanda mlima na mzigo wa ndizi wa kupeleka soko la Keroka. Akichoka anachapwa, naye anakimbia kidogo. Mwili wetu nao una fimbo yake, inaitwa adrenalini. Ukikutana na nyoka shambani, adrenalini inaingia kama ufunguo kwenye vitasa vidogo vilivyo katika moyo, na moyo unapiga mbio. Wataalamu wanaviita vitasa hivyo vipokezi vya beta. Kwa moyo mzima hakuna ubaya. Lakini moyo ulioharibiwa na presha ya miaka mingi, au na ile homa ya baridi yabisi inayofuata maumivu ya koo ya watoto, hausukumi damu vizuri. Miguu inavimba, mtu hawezi kulala chali, akipanda kilima kidogo anahema. Mwili ukiona damu haifiki, unaongeza fimbo. Punda anachapwa mchana na usiku.

Msidhani ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Mwaka 2012 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52. Huo ni umri wa mtu mwenye watoto bado shuleni! Na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha.

Sasa dawa. Miaka ya 1960 Mskoti mmoja, James Black, alivumbua propranololi, dawa inayoziba vile vitasa ili adrenalini isiingie. Mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini kwa moyo uliochoka sana madaktari waliogopa dawa za namna hiyo. Walisema, punda huyu anatembea kwa sababu ya fimbo tu, ukiiondoa ataanguka.

Ndipo ikatafutwa dawa ya katikati. Ilipatikana moja iitwayo zamoteroli. Huo ni ufunguo unaoingia kwenye kitasa na kuzunguka nusu tu. Mtu akiwa ametulia, dawa inausukuma moyo kidogo. Akipanda mlima na adrenalini ikaja kwa wingi, inakuta kitasa kimeshakaliwa. Ukiisikia hivyo unasema hii ndiyo yenyewe, sivyo? Hata wagonjwa ambao hawakuwa wamezidiwa walipojaribiwa, matokeo yalitia moyo.

Halafu wakaijaribu kwa wale walioumwa sana. Walikuwa wagonjwa 516. Watu 352 walipewa zamoteroli, na 164 wakapewa kidonge cha mfano wake kisicho na dawa ndani, wote wakiendelea na dawa zao nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Katika siku 100, waliokunywa zamoteroli walikufa 32, yaani 9 katika kila 100. Wa kile kidonge kitupu walikufa 6, karibu 4 katika kila 100. Dawa iliyotegemewa kuwasaidia ilikuwa inawamaliza. Bila wale 164 nani angejua? Kila kifo kingesemwa ni ugonjwa.

Upande mwingine, kule Göteborg, Uswidi, daktari Finn Waagstein na wenzake walikuwa wameandika mwaka 1975 kuhusu wagonjwa 7 wenye moyo dhaifu waliopewa dawa za kuziba vitasa, wakapata nafuu. Wengi hawakusadiki. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 1999 utafiti wa watu 2,647 ulionyesha kwamba kati ya waliopewa bisoprololi, dawa ya kuziba, walikufa karibu 12 katika kila 100. Wale wa kidonge kitupu walikufa 17. Kumbe punda alihitaji kupumzishwa.

Kwa hiyo, mama, ukipewa bisoprololi au karvediloli kwa moyo uliochoka, utaanza na kipimo kidogo sana, kisha kitapandishwa polepole. Wiki za kwanza unaweza kujisikia mzito kuliko ulivyokuja. Usizitupe. Rudi kliniki useme. Miguu ikivimba zaidi au pumzi ikikatika, rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kadi. (Majina haya kwenye pakiti huandikwa bila hiyo i ya mwisho.)

Na usiziache ghafla, hata ukijisikia mzima, wala atenololi ya presha. Vile vitasa vikizibuliwa kwa mara moja, adrenalini inaingia kwa fujo, na mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo. Nauli ikikosekana mwezi huo, kikundi kimchangie nauli. Hiyo ndiyo kazi ya kikundi, si kuchanga vidonge.

Kuna na hili la pumu. Salbutamoli, ambayo wengi mnaiita Ventolin, inafungua vitasa vya aina hiyo vilivyo kwenye mapafu, njia ya pumzi inapanuka. Propranololi inaviziba. Mwenye pumu akiazimwa propranololi ya jirani, kifua kinaweza kufunga, na Ventolin yake isimsaidie vizuri. Naye mwenye moyo dhaifu akinywa vidonge vya salbutamoli vya mtoto kwa sababu anahema, anamchapa punda yule yule. Kuhema kwao kunafanana, lakini ugonjwa si mmoja.

Nimeona wengine mmekuja na dawa zenu kwenye mifuko. Zileteni hapa mezani pamoja na kadi za kliniki, mmoja mmoja, tuzisome. Wenye pumu watangulie.