Homa ya Matumbo na Ushahidi wa Damu

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki ni nadra kumkosa mtu ambaye, alipokwenda zahanati kwa ajili ya homa na maumivu ya kichwa, alitolewa damu, akangoja kidogo, kisha akaambiwa kwamba ana taifodi, yaani homa ya matumbo. Kipimo alichopimwa aghalabu ni kile kilichopewa jina la tabibu wa Kifaransa, Fernand Widal, aliyekitangaza mjini Paris mwaka 1896, ingawa insafu yataka atajwe pia Max von Gruber wa Vienna, aliyeuchunguza msingi wake mwaka huo huo.

Mwili ulioingiliwa na vijidudu hufanya kingamwili za kuvikabili. Na majimaji ya damu yenye kingamwili hizo yakichanganywa na vijidudu vya taifodi, vijidudu hushikamana vikafanya vibonge ambavyo mpimaji huviona kwa macho yake. Kisha majimaji hayo huzimuliwa, 1 kwa 20, 1 kwa 40, 1 kwa 80, na kuendelea, hadi ijulikane nguvu yake inakoma wapi.

Lakini kingamwili ni kama shahidi mbele ya kadhi, aapaye kuwa alimwona mwizi, wala asiweze kusema kama ilikuwa jana au mwaka juzi. Aliyeugua zamani, aliyechanjwa, hata mwenye malaria, damu yake yaweza kutoa ushahidi ule ule. Ilhali mgonjwa wa kweli, katika juma la kwanza la homa, damu yake yaweza isiseme neno, kwa kuwa kingamwili hazijatimia. Ndiyo maana kanuni ya asili ni kupima mara mbili, baada ya siku 7 hadi 10, na kutazama kama kiwango kimepanda mara nne. Na ni nani arudiye? Siku hizo zikitimia, mgonjwa amekwisha kumaliza dawa zake, pengine dawa za maradhi asiyokuwa nayo, na vijidudu vingine mwilini mwake vimejifunza kuzistahimili.

Njia yenye ithibati zaidi ni kuiotesha damu maabara hadi vijidudu vyenyewe vionekane, japo huchukua siku kadhaa, na yenyewe pia huwakosa wagonjwa wengi.

Basi ukiambiwa una taifodi kwa kipimo kimoja cha Widal, muulize tabibu wako, kwa adabu, kama malaria imekwisha kupimwa, na kama damu yako yaweza kuoteshwa kabla hujameza kidonge cha kwanza.