Kalooli na Eropleni



Aliyepanda kilima cha Kibuli leo amewaona: upara mwekundu, mfuko ukining'inia shingoni, wametulia mitini wakivizia taka za masoko na machinjio. Vitabu huwaita korongo mfuko-shingo. Sisi Kampala tunawaita kalooli na kuwacheka kwa sura yao. Rubani anayeondoka Entebbe hana cha kucheka.

Eropleni inapopaa, injini zinafanya kazi karibu kwa nguvu zake zote, mafuta ni mengi, ardhi iko karibu. Upo mwendo ambao rubani akishaupita hawezi tena kusimama kabla barabara ya kurukia haijaisha. Lazima apae, hata kwa injini moja. Kalooli wa kilo 6 akigongwa kwa mwendo wa mita 70 kwa sekunde, pigo lake lina nishati ya jiwe la tani moja na nusu lililoangushwa kutoka urefu wa mita 1.

Watengenezaji wanalijua hilo. Injini kubwa kabisa ya eropleni ya abiria hujaribiwa kwa kurushiwa ndege mmoja wa kilo 3.65, na hata hapo sharti ni izimike salama, isiwake moto wala kurusha vipande. Haidaiwi iendelee kusukuma. Kalooli aliyekomaa huweza kufika kilo 8. Ndege wetu, basi, amekipita kipimo.

Wala wadogo si wa kudharauliwa. Tarehe 15 Septemba 1988 huko Bahir Dar, Ethiopia, kando ya Ziwa Tana, Boeing 737 ya Ethiopian Airlines iliingia katika kundi la njiwa wakati wa kupaa. Njiwa tu! Injini zote mbili ziliharibika. Marubani walijaribu kurudi, zikazimika, wakatua kwa tumbo na moto ukawaka. Kati ya watu 104, walikufa 35.

Entebbe nayo karibu yote imezungukwa na maji ya ziwa, na ziwa halihamishwi. Jaa la taka huhamishwa. Mwongozo wa kimataifa unataka vivutio vya ndege vidhibitiwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani. Lakini kalooli hupandishwa na hewa ya joto akaenda mbali kutafuta chakula, kwa hiyo mimi siuamini sana mstari huo. Nairobi ilipotaka kuhamishia jaa lake Ruai, wasimamizi wa viwanja vya eropleni walipinga kwa sababu ya ndege hawahawa.

Hapa kwetu, jaa la jiji huko Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likaua watu, na jiji likalazimika kutafuta pengine pa kumwaga. Ninawaomba wakuu wetu: kabla ya kupitisha eneo lolote, waiteni wataalamu wa usafiri wa anga wasikilizwe, na mabaki ya nyama yafukiwe siku ileile yanapofikishwa. Nanyi wenye mabucha wa Kibuli na Namuwongo, matumbo msiyatupe mtaroni.