Mstari wa Jibu Usiosukumwa na Jibu

Mada kwa walimu, makarani na wenye steshenari, Chimala, Wilaya ya Mbarali



Steshenari zetu za kando ya barabara kuu iendayo Tunduma zinaijua kazi hii. Mzazi analeta fomu ya kujiunga na shule kwenye flashi, anataka ijazwe kwa kompyuta ipendeze. Mchapaji anaweka kishale mbele ya "Jina kamili", anaandika majina matatu, na mstari unasukumwa kulia mpaka unadondokea chini. Tarehe ya kuzaliwa inahama, sahihi ya mzazi inaangukia ukurasa wa pili. Analaumiwa mchapaji. Mimi namlaumu aliyetengeneza fomu.

Kile alichoweka si mstari. Ni kistari cha chini kilichobonyezwa mara nyingi mfululizo, na kwa Word, kama ilivyo kwa LibreOffice, kila kistari ni herufi sawa na a au b. Ukipenyeza neno, herufi za mbele lazima zisogee. Wapo wanaotumia kitufe cha Insert ili neno lifute vistari. Tangu Word ya 2007 kitufe hicho hakifanyi kazi hiyo mpaka ukiruhusu kwenye mipangilio, na hata kikikubali, jina linabaki halina mstari chini yake. Tena m ni pana kuliko i, hivyo ukingo wa kulia unayumba vilevile. Mchapaji akisahau kukizima, atakula aya nzima ya mteja anayefuata.

Njia ya haraka kwa fomu uliyoletewa: futa vistari vyote, weka kituo cha Tab ukingoni kulia, bonyeza Ctrl na U, andika jina, kisha bonyeza Tab. Mstari utapita chini ya jina na chini ya nafasi iliyobaki, ukomee kituoni. Yale majina yetu marefu yanayoanza na Mwa- yatapunguza nafasi tu, ukingo hautasogea.

Unapotunga fomu mwenyewe, napendelea jedwali kuliko yote, hasa pale Kijiji, Kata na Tarafa vinapokaa mstari mmoja. Ondoa mipaka yote, bakiza wa chini kwenye seli za majibu, halafu zima ile hali ya safu kujipanua zenyewe kufuata maandishi. Wengi huisahau hatua hiyo ya mwisho, kisha wanasema jedwali halifai.

Walimu wana shida tofauti, kwa kuwa mwanafunzi hujaza kwa kalamu. Katika upimaji wa darasa la nne na wa kidato cha pili, majibu huandikwa kwenye karatasi yenyewe ya maswali, na mazoezi ya shuleni yanafuata mtindo huo. Mistari iliyobanana kama ya kitabu haimfai mtoto wa darasa la nne. Weka kimo kamili cha kila mstari kiwe pointi 24, yaani karibu milimita 8.5, ndipo mwandiko wake utakaa.

Lipo pia lile "pepo" la mstari usiofutika. Ukibonyeza kistari cha chini mara tatu mwanzoni mwa aya kisha Enter, Word hukigeuza kuwa mpaka wa aya. Hauchaguliki kwa kipanya. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo. Ukichelewa, weka kishale kwenye aya iliyo juu yake, fungua mipaka, chagua isiwepo.