Njia Moja, Ramani Mbili



Mwenye kuchora ramani ndiye mwenye kutoa majina, na asiyetajwa humo huhesabiwa kana kwamba hayupo. Leo natuzitazame ramani mbili za nchi moja, katika jangwa la Australia Magharibi.

Ya kwanza ni ya mpima ardhi Alfred Canning. Mnamo 1906 na 1907 alipima njia ya kuswagia ng'ombe, yenye urefu wa kilometa zipatazo 1,850, kati ya Wiluna na Halls Creek. Kuanzia 1908 hadi 1910 vilichimbwa visima vipatavyo 50, navyo vikapewa nambari. Lakini maji hayo yalipatikanaje? Wenyeji walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakalazimishwa kuonyesha mahali wanywapo. Mpishi wa msafara alilalamika, na mwaka 1908 ikaundwa Tume ya Kifalme. Canning akaondolewa lawama, na kazi ikaendelea. Kundi la mwisho la ng'ombe lilipita mwaka 1959.

Ramani ya pili wameichora wenyeji wenyewe, kwa rangi. Katika michoro yao njia ya ng'ombe mara nyingi ni mstari tu, au haionekani kabisa. Yaonekanayo ni maji, kila mahali kwa jina lake. Panapoitwa Kisima cha 33, wao hupaita Kunawarritji. Yako maji ambayo kwao ni makao ya nyoka waletao mvua, nao huyaendea kwa heshima. Mwaka 2010 kazi hizo zilionyeshwa katika Makumbusho ya Taifa, mjini Canberra, chini ya jina Yiwarra Kuju, yaani Njia Moja.

Je, rangi yaweza kutetea haki? Mwaka 1997, huko Pirnini, wasanii wa Ngurrara walichora turubai moja ya mita 8 kwa 10, iwe ushahidi katika dai lao la ardhi. Kila mmoja alisimama juu ya sehemu yake, akaieleza kwa lugha yake. Mwaka 2007 mahakama iliitambua haki yao.

Nawaachia swali la kujadili: tusikilizapo mgogoro wa ardhi, je, twadai hati tu, au twamwuliza pia mzee kisima kile chaitwaje, na ni nani waliokinywea tangu zamani?