Mtoto Mgonjwa na Saa za Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Kuresoi)



Halmashauri iliponitaka niseme juu ya wafanyakazi na watoto wao wagonjwa, nilidhani jambo hili lingefaa zaidi kusemwa na mganga, au na mama mzazi. Lakini karani naye ana lake, kwa kuwa fomu za ruhusa hupita mikononi mwake, na sababu zilizoandikwa humo yeye ndiye azisomaye.

Yeyote aliyeketi miaka kadhaa nyuma ya meza ya namna hiyo ajua habari hii. Mtumishi mwenye afya ya chuma huandika kwamba ana homa, au kwamba tumbo lamsokota. Siku tatu baadaye hurudi kazini macho mekundu kwa kukesha, na katika mfuko wa koti yachungulia kadi ya kliniki ya mtoto. Je, ni mwongo? Mimi simwiti hivyo. Amesoma masharti ya kazi akaona kwamba ugonjwa unaotambuliwa ni wake yeye mwenyewe tu, basi ugonjwa wa mwanawe akauandika kwa jina lake.

Tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mtumishi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Yampa mama mzazi miezi 3, na baba wiki 2. Mtumishi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini, akiugua, yampa siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara, maadam ana cheti cha daktari. Kwa hiyo mtoto akizaliwa sheria yamjua. Akipatwa na homa akiwa na umri wa miaka miwili, haina siku iliyomtengea mzazi wake. Tena kifungu cha 44 chahesabu kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu ya halali kuwa kosa kubwa, ambalo mtu aweza kufukuzwa kwalo papo hapo. Mtu aweza kubishana mbele ya hakimu kwamba mtoto mgonjwa ni sababu ya halali, lakini ni nani apendaye kulijaribu neno hilo kwa mkate wa nyumba yake?

Wala lisemwe si jambo lisilowezekana. Jirani zetu wa Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wameandika kwamba mtumishi apewe siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha jamaa wengine wa karibu. Siku nne si nyingi. Lakini kwa siku hizo mtu huweza kusema kweli kwenye fomu.

Wazee waliokuwa maskwota, au watoto wa maskwota, watanikumbusha kwamba zamani hapakuwa na fomu. Ni kweli. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota atumike siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na hakuna aliyeuliza habari za mtoto wake. Lakini nyanya alikuwa boma lilelile, na shamba lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Leo mama huchuma majani ya chai kwa kilo mbali na nyumbani, na siku asiyopeleka kikapu kwenye mizani haina malipo yoyote. Baba yuko Molo au Nakuru, na nyanya yuko wilaya nyingine.

Baridi ya nchi hii yetu mnaijua. Kuanzia Kiptororo hata Keringet na Olenguruone, ukungu wa asubuhi huingia mpaka kitandani, na homa ya mapafu, ambayo wengi twaiita nimonia, hushika watoto upesi. Mimi si mganga, illa haya yafundishwa kila kliniki, na kila mfanyakazi mwenye saa aweza kuyafuata. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Aliye na miezi 2 lakini hajatimiza mwaka, zikifika 50 apelekwe kwa mganga. Wa mwaka 1 hadi 5, zikifika 40. Kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akikataa kunyonya na kunywa, au akitapika kila kitu, au akishikwa na degedege, usingoje saa ya kutoka kazini. Hapo hesabu ya mwajiri na ya mzazi ni moja: anayeruhusiwa siku ya kwanza aghalabu hurudi kesho yake na dawa imeanza kufanya kazi, anayezuiliwa hata siku ya tatu aweza kukaa wiki nzima kando ya kitanda cha hospitali huko Nakuru.

Niseme na wanaume wenzangu. Binti yetu alipougua mwezi wa Julai, mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikesha naye usiku, nami nikachukua zamu ya mchana. Mkubwa wangu wa kazi wa wakati ule aliniuliza, "Kwani huna mke?" Nikamjibu kwamba ninaye, naye pia ana mkubwa wake wa kazi. Kwenye benchi la kungojea mganga nilikuwa mwanamume peke yangu, na muuguzi akatafuta mama wa mtoto nyuma ya mgongo wangu. Hayo yote yavumilika. Lisilovumilika ni mshahara mmoja tu wa nyumba, wa mke, kukatwa siku zote.

Sasa nini kifanyike? Sheria huweka kiwango cha chini. Haimkatazi mwajiri kuzidisha. Naomba Halmashauri iwaandikie waajiri wa hapa kwetu, wenye mashamba, shule na maduka, waongeze katika barua za kazi siku chache za mtoto mgonjwa, na kadi ya kliniki iwe ndiyo ushahidi. Wakati tunangoja majibu, kumbukeni kwamba siku 21 za likizo zaweza kugawanywa kwa mapatano; mwenye watoto wadogo asizimalize zote Desemba. Na vibarua wajue kifungu cha 37: aliyefanya kazi mfululizo jumla ya mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa, na akitimiza miezi miwili ana haki za mtumishi wa kudumu. Tunzeni karatasi zenu za malipo.

La mwisho lahusu sisi kwa sisi. Napendekeza pawe na daftari la wanachama walio tayari kushika zamu ya mwenzao, au kukaa na watoto wa jirani waliobaki nyumbani mzazi aendapo hospitali. Nimekwisha kulipiga mistari: jina, mahali, siku mtu anazoweza. Liko mezani kwa Katibu, pamoja na kalamu.