Mpira Ulikuwa Ndani

Hotuba ya asubuhi iliyotolewa redioni. Somo: Warumi 2:12-16

 

Asubuhi ya leo twataka kuwasimulia habari za siku moja tuliyoshinda katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, huko London, Uingereza. Tulikuwa marafiki wanne: watatu tuliotoka hapa Kenya, na dada yetu mmoja anayefanya kazi ya uuguzi huko. Sote tulijifunza tenisi pamoja ujanani, kwa raketi za kuazima. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 6 Julai 2025, nayo ilikuwa Jumapili. Twajua wako watakaouliza, "Jumapili?" Ni swali la haki, nasi tuliulizana hilo hilo. Hapo zamani Jumapili ya katikati ya mashindano hayo ilikuwa siku ya mapumziko, isipokuwa miaka michache ambapo mvua ilikuwa imechelewesha michezo. Tangu mwaka 2022 inachezwa kila mwaka. Dada yetu hakuwa na siku nyingine ya kutoka kazini. Basi tulisoma Zaburi na kuomba tukiwa katika foleni, tumeketi kwenye nyasi tangu alfajiri, kila mtu na kadi yake yenye namba. Kadi hiyo haiazimwi wala haipewi mwenzako aliyechelewa. Maelfu ya watu walingoja pasipo kusukumana, na sisi tuliozoea mlango wa matatu saa ya jioni tulitazamana tukacheka.

Tulipoingia tulizunguka kwanza kwenye viwanja vidogo, ambako unaweza kukaa karibu hata ukasikia mchezaji anavyohema. Mpira ukipigwa juu ya nyasi hauruki sana. Unateleza chini chini, na mchezaji hana budi kupiga magoti karibu kugusa ardhi. Lakini jambo lililotushangaza lilikuwa lingine. Nyuma ya mistari hapakuwa na mtu. Mashindano hayo yalianza mwaka 1877, na hadi mwaka 2024 walikuwako waamuzi wa mistari, waliovaa nadhifu, wakiinama mikono magotini na kupaza sauti mpira ulipotoka nje. Mwaka huo wa 2025 waliondolewa wote. Kazi yao ilichukuliwa na kamera na mitambo. Mpira ukitoka nje, sauti iliyorekodiwa ndiyo inayotangaza. Mwamuzi mkuu peke yake alibaki juu ya kiti chake kirefu.

Sisi tulijifunza kwa njia tofauti kabisa. Katika kilabu chetu kidogo hapakuwa na mwamuzi wala kamera. Kanuni ya tenisi yasema hivi: mkicheza bila mwamuzi, kila mchezaji ndiye anayeamua mipira iangukayo upande wake wa wavu. Mpira ukigusa mstari, hata kwa unywele, umo ndani. Na kama una shaka, shaka hiyo ni mali ya mpinzani wako. Huna ruhusa ya kuitumia kwa faida yako. Tafakari kanuni hiyo, ndugu msikilizaji. Mtu anayetaka kushinda ndiye anayewekwa kuwa hakimu, tena katika kesi yake mwenyewe.

Alasiri tuliketi kwenye kilima cha nyasi kilichomo humo uwanjani, ambapo watu wasio na tikiti za kiwanja kikuu hutazama kwenye skrini kubwa. Anastasia Pavlyuchenkova wa Urusi alikuwa akicheza na Sonay Kartal wa Uingereza, na bila shaka kilima kizima kilikuwa upande wa Kartal. Seti ya kwanza ilifika 4-4. Pavlyuchenkova alibakiza pointi moja tu auchukue mchezo huo mdogo. Kartal akapiga mpira mrefu, ukaanguka nje ya mstari wa nyuma. Ile sauti ikanyamaza. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akapiga simu, kisha akaamuru pointi irudiwe, ijapokuwa picha zilionyesha wazi ya kwamba mpira ulikuwa nje. Pavlyuchenkova akapoteza pointi ile na mchezo ule, akamlalamikia mwamuzi kwamba ameibiwa. Baadaye wenye mashindano waliomba radhi. Mtambo haukuharibika. Waliokuwa wakiuendesha walikuwa wameuzima kwa makosa kwenye sehemu ya kiwanja, na kwa muda wa mchezo mmoja mdogo hakuna aliyegundua.

Mtume Paulo awaambia Warumi ya kwamba hata watu wasiopewa torati wana shahidi ndani yao, dhamiri, ambayo mara huwashtaki na mara huwatetea. Akimwandikia Timotheo asema pia kwamba dhamiri yaweza kuchomwa, kama ngozi iliyochomwa chuma cha moto isivyohisi kitu tena. Tulikuwa tukidhani ya kwamba mtu wa namna hiyo hutambulika: mlevi, mnyang'anyi, mla rushwa. Lakini kwenye kilima kile tuliona jambo jingine. Mtambo ulikuwa ukifanya kazi kwenye sehemu nyingine ya kiwanja. Mpira ukianguka kwingine, sauti ilisikika kama kawaida. Ni sehemu moja tu iliyokuwa imezimwa. Ndivyo tulivyo wengi wetu, sisi tunaosimama madhabahuni na sisi tunaoketi viti vya mbele. Twatoa zaka barabara, twawakemea vijana, twasikia sauti ya dhamiri pande zote, isipokuwa pembe moja tuliyoizima sisi wenyewe.

Wakati watu walipokuwa wakipiga kelele kwa ajili ya pointi ile, mmoja wetu alikuwa kimya. Ametupa ruhusa tusimulie haya, ila hatutamtaja. Akamgeukia mwenzake, akasema, "Ndugu yangu, unakumbuka fainali yetu ya mwaka 2009?"

Yalikuwa mashindano madogo ya kilabu, juu ya kiwanja cha udongo mwekundu, na zawadi ilikuwa chupa ya chai. Pointi ya mwisho, mpira wa mwenzake uligusa mstari. Yeye akainua kidole, akasema, "Nje!" Wakapeana mikono, watu wakapiga makofi. Miaka 16 chupa ile ilikaa nyumbani kwake, na kila mwenzake alipomtembelea, chai ilimiminwa kutoka humo.

"Mpira ulikuwa ndani," akasema. "Niliuona. Nimekuwa nikitaka kukuambia, na kila mara naona ni jambo dogo mno."

Mwenzake alinyamaza muda mrefu. Wale wanaojua tenisi wanajua ya kwamba udongo si kama nyasi. Mpira ukianguka huacha alama, na alama hiyo haisemi uongo. "Nami nilijua," akajibu. "Tulipokwisha kupeana mikono nilizunguka wavu, nikaiona alama yenyewe, nusu juu ya mstari. Nikaifuta kwa kiatu, watu wasije wakaiona ukaaibika."

Tulidhani maneno yamekwisha hapo, na tulianza kumsifu kwa upendo wake. Akatukataza. "Msinisifu. Chini niliifuta, lakini moyoni sikuifuta. Kila niliponywa chai kwako nilijisemea, hii ni chai yangu. Mwaka ule ulipogombea uzee wa kanisa, watu waliniuliza habari zako, nikasema sikujui vizuri."

Yule wa kwanza hakuwa amejua hilo. Tuliona uso wake ukibadilika, na kwa kitambo tuliogopa. Mmoja alikuja na deni mkononi ili alipe, akakuta anadaiwa na kudai kwa wakati mmoja. Ni dada yetu muuguzi aliyesema, "Basi tuombe," nasi tukainamisha vichwa pale pale, wanne tumeshikana mikono, huku watu waliotuzunguka wakimshangilia Kartal. Sala haikuwa ndefu. Walipofungua macho hawakukumbatiana. Walikaa tu karibu zaidi kuliko kwanza, wakatazama mchezo hadi mwisho. Pavlyuchenkova alishinda, 7-6, 6-4.

Chupa ile ingali kwa ndugu yetu yule. Mwezi tuliporudi Kenya alitualika, akaiweka mezani, akaketi bila kuigusa. Mwenzake ndiye aliyeinuka akatumiminia chai sote, akianza na mwenye nyumba.